Mama Kifuniko, pampu nyekundu na injini ya mshonaji

Saa moja kasorobo asubuhi, gari la njano lililoshushwa hadi karibu lifagie lami linaingia kituo cha mafuta kwa makelele. Nyuma lina bawa kubwa la plastiki, ubavuni limebandikwa ndimi za moto. Dereva wake, kijana aliyevaa miwani ya jua ingawa jua lenyewe bado linapiga miayo, anashusha kioo.

"Mama, nijazie ile kali. Ile ya tisini na nane."

Mwanamke wa ovaroli ya buluu hagusi pampu. Anazunguka gari, anafungua kifuniko cha tangi, anainama kusoma karatasi iliyobandikwa kwa ndani. Zamani angeishia hapo. Siku hizi anaendelea.

"Gari hili ulilinunua jipya au mkononi mwa mtu?"

"Jipya, mama. La baba."

"Limewahi kugongwa? Injini imewahi kuguswa, hata kutiwa turbo? Linalia likipanda mlima?"

"Halilii. Turbo itakuja mwezi ujao."

"Basi na tisini na nane nayo ije mwezi ujao. Leo weka ya kawaida, na hela itakayobaki utafute tairi. Hiyo ya mbele kushoto imekwisha."

Kijana anacheka, anakuna kichwa, anakubali. Gari likiondoka, vioo vya duka la kituo vinatetemeka.

"Debe tupu haliachi kuvuma," mwanamke anasema huku akirudisha mpini wa pampu mahali pake. Nyuma ya kioo cha ofisi, msimamizi wa zamu ameona kila kitu, naye hacheki.

Madereva wanamwita Mama Kifuniko. Ana miaka arobaini na minne, na kumi na mitatu kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama hapa, baina ya pampu mbili za petroli: ya kijani, ambayo ni ya kawaida, na nyekundu, yenye oktani ya tisini na nane. Lita ya nyekundu inaizidi ya kijani kwa bei, asilimia kumi na saba.

Jina hilo amelipata kwa tabia yake. Wahudumu wengine humuuliza mteja kiasi anachotaka tu. Yeye hufungua kifuniko kwanza, kwa sababu watengenezaji wengi huandika hapo mafuta ambayo gari linataka.

"Watu wanadhani oktani ni pilipili," anasema. "Kwamba ukiizidisha, gari litawaka mbio. Sivyo. Oktani ni subira. Petroli ya oktani ya juu inabanwa ndani ya injini, inabanwa, na haiwaki mpaka plagi iiambie waka. Ya chini haina subira hiyo. Sasa kama injini yako haibani sana, subira yote hiyo ya nini?"

Hakuyajua hayo darasani. Aliyajua kwa fundi wa injini mwenye gereji upande wa pili wa barabara, mzee mkavu wa maneno, aliyekuwa akija kunywa chai kibarazani pa kituo. Kila alichoelezwa alikijaribu mwenyewe. Mwaka mmoja aliwaomba madereva kumi na mmoja wa magari ya kawaida waweke petroli nyekundu matangi mawili mfululizo na kuandika kilomita.

Tisa walisema hawakuona tofauti. Wawili waliapa kwamba gari sasa linakwenda kama mshale. "Mmoja wao," anasema akicheka, "siku hiyohiyo alikuwa amejaza tairi upepo."

Basi akawa anawaambia watu ukweli, na watu wakawa wanakuja kumfuata, wengine wakipita vituo vitatu njiani. Ndivyo alivyokuja yule mshonaji.

Mshonaji ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, mpole, mwenye shati lililonyooka kuliko mashati ya wenye mabenki. Kwa miaka ishirini na mbili alishona suruali za watu huku akitamani gari moja tu: dogo, la fedha, la milango miwili, lenye injini ya turbo, ile inayosukumiwa hewa ikabanwa sana, iliyojengwa kwa mbio. Wenzake walimcheka, mkewe alimcheka zaidi. Mwaka jana akalipata, mkononi mwa mtu.

"Mke wangu aliniambia, mume wangu, umri huu wenzako wananunua viti vya kunesanesa," anasimulia. "Nikamwambia hiki nacho kinanesa."

Wiki hiyohiyo alifika kituoni. Aliuliza kwa heshima kama ni lazima gari kama lake linywe petroli ya bei kubwa. Mama Kifuniko alifungua kifuniko. Karatasi ilisema petroli ya kawaida inatosha. Akamwambia, ya kawaida inatosha.

Kwa miezi minne mshonaji alijaza pampu ya kijani, na kila mara alishukuru. Alipopanda mlima aliusikia mlio mwembamba, tiki-tiki-tiki, kutoka mbele. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye, aliyekaa na cherehani tangu ujana, aliupenda.

"Ulikuwa mlio wa nyumbani," anasema. "Nilidhani linaniimbia. Nikawa nakanyaga zaidi nilisikie."

Mlio ule ulikuwa wa petroli iliyokuwa ikiwaka kabla ya wakati wake na kuipiga injini kwa ndani. Magari ya namna hiyo huwa na kifaa kidogo cha kuusikiliza, na kikiusikia huipunguzia injini nguvu ili isijiumize. Cha gari lile kilikuwa kimekufa zamani, pengine kabla halijauzwa. Siku ya safari ya harusi ya binti wa dada yake, katikati ya mlima, gari likiwa na watu wanne, pistoni ilipasuka.

Lilivutwa hadi gereji ya yule fundi mkavu. Alipomaliza kuifungua injini, fundi alikwenda ubavuni, akafungua kifuniko cha tangi, akakitazama kwa muda mrefu. Kwa nje kilikuwa cha fedha kama gari. Kwa ndani, kwenye bawaba, kilikuwa cheupe.

Kilikuwa kifuniko cha gari jingine. Mwenye gari wa kwanza aliligongesha ubavuni, na mnyoosha bodi akachukua kifuniko cha gari la aina hiyohiyo, lakini lile la kawaida lisilo na turbo, akakipaka rangi. Hakumdhulumu mtu. Kililingana, kikafunga vizuri, kazi ikaisha. Karatasi ya ndani ikabaki ikisema kweli ya gari ambalo halipo tena.

"Nilisoma kifuniko," anasema Mama Kifuniko. "Gari lenyewe sikulisoma. Milango miwili ile, turbo ile, ningeuliza hata swali moja tu. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu anayejua."

Anafuta mpini wa pampu ambao tayari ni safi.

Mshonaji alikuja kwa miguu siku iliyofuata. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza mwanamke huyu zaidi. Alisimama karibu na pampu ya kijani akasema, "Dada, mimi nilikuamini," kisha akaondoka.

Gari lilikaa gereji wiki tisa. Ukimwuliza mshonaji gharama, hakutajii fedha. Anakutajia suruali mia tatu na arobaini, pindo na zipu, na vidole vyake anakuonyesha.

Na sasa, je, petroli ile ya bei ina thamani yake? Mshonaji anaandika. Katika daftari lake la vipimo, baina ya kiuno cha mtu na urefu wa mkono wa mwingine, kuna kilomita. Kwa petroli ya kawaida tangi lilimfikisha kilomita mia nne na hamsini. Kwa ya tisini na nane, tangu gari lirudi wiki tatu zilizopita, linafika mia nne na themanini, na mlimani halina tena uzito.

Hesabu haifuti tofauti ya bei, na fundi wa injini haoni haja ya kudanganya juu ya hilo. "Mfukoni bado atalipa zaidi," anasema huku akinywa chai yake. "Anayenunua nyekundu kwa gari kama la mshonaji anainunulia pistoni usingizi. Anayeinunua kwa gari la kwenda sokoni ananunua rangi ya pampu."

Msimamizi wa zamu angependa fundi anyweshwe chai kwingine. Ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, si mkorofi, mwenye dawa za tumbo mezani. Kila mhudumu anatakiwa, katika kila lita kumi za petroli anazouza, tatu ziwe za pampu nyekundu. Anayefikisha huongezewa sehemu ya tano ya mshahara. Mama Kifuniko hajavuka lita moja. Ana barua ya onyo tayari.

"Yeye ni kama dada yangu, namheshimu," msimamizi anasema. "Lakini mimi nami nina bosi. Baada ya lile gari nimewaambia wote: ushauri basi. Mteja akiuliza, mwambie nyekundu ina nguvu. Nani atakuja kulalamika kwamba amewekewa mafuta mazuri mno?"

Swali lake si la kipuuzi, na Mama Kifuniko amelilalia siku nyingi. Kama angewauzia wote nyekundu, injini ya mshonaji ingekuwa nzima, naye angekuwa na nyongeza yake. Binti yake anasomea uuguzi, mwaka wa pili. Angenyamaza tu.

"Nilijaribu," anasema. "Siku tatu nilisema nyekundu ina nguvu, nyekundu ina nguvu. Siku ya tatu akaja mama mmoja mwenye kigari cha kupelekea mayai. Akaniuliza, mwanangu, na mimi niweke hiyo? Mdomo ukagoma kabisa."

Kupotea njia ndiyo kujua njia, wasemavyo. Akatunga maswali manne ambayo sasa humuuliza kila mwenye gari la mbio: umelinunua wapi, limewahi kugongwa, injini imeguswa, linalia likipanda mlima? Kifuniko peke yake hakiamini tena. Anataka maswali hayo yabandikwe kwenye kila pampu na kila mhudumu afundishwe. Msimamizi amekataa mara mbili. Ijumaa hii mwenye kituo, ambaye huja mara moja kwa miezi mitatu, atakuwepo, na mwanamke huyu amejiandikisha kumwona.

Lakini kuna jambo lililomfanya awe na macho mekundu wiki nzima, na leo saa nne asubuhi gari dogo la fedha linapoingia, likiguruma kwa adabu, anajua hawezi kulikwepa.

Anamjazia mshonaji pampu nyekundu mpaka mwisho. Kisha anafunga kifuniko na kubaki amekishika.

"Kaka, nina neno. Gari lako lilipokufa, hapa iliandikwa taarifa kwa mwenye kituo. Iliandikwa kwamba mhudumu alikushauri nyekundu, wewe ukachagua kijani mwenyewe."

Mshonaji anamtazama. "Nani aliandika?"

"Msimamizi. Alisema tusipoandika hivyo tutafukuzwa wote wawili. Na mimi nikatia saini."

Nyuma yao teksi inapiga honi. Hakuna anayegeuka.

"Kwa hiyo kwenye karatasi zenu," mshonaji anasema polepole, "mjinga ni mimi?"

"Ni wewe."

Mshonaji anatazama pampu ya kijani, kisha nyekundu. Halafu mabega yanaanza kumtikisika. Anacheka, lakini macho yake hayacheki yote. "Mke wangu asilisikie hili. Atasema hata kituo cha mafuta kimekubaliana naye."

"Nisamehe, kaka."

"Injini nilishakusamehe. Hili la leo niachie nilale nalo." Anafunga mkanda, anaufungua tena. "Na kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu Ijumaa nitamwambia mwenye kituo wahudumu waulize kabla ya kujaza. Ataniuliza kwa nini, nani aliwahi kukosea. Nikitaka anisikilize, itabidi niseme ni mimi."

"Na akikufukuza?"

"Atamfukuza mtu aliyesema kweli. Maswali yatabaki mezani kwake."

Teksi inapiga honi tena. Mshonaji anashika usukani, anatazama mbele, barabara inapoanza kupanda.

"Unataka nije nikakusemee?"

"Hapana. Kusema nitasema mwenyewe." Sauti yake sasa ni ndogo. "Njoo ukae tu pale, kaka, nikuone. Nikikuona sitaweza kudanganya."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Mshonaji anawasha gari, anasikiliza injini kidogo kama anavyosikiliza kila asubuhi, kisha anaitikia kwa kichwa.

"Nitafunga duka," anasema.