Petroli Katika Majani ya Mama

Nakumbuka siku moja niliyotamani ardhi ya Nyansiongo ipasuke inimeze. Keti hapo, mwanangu Kemunto, mimi nitasimama. Tangu juzi sijui kutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilikuwa naenda wapi, na mama yako amenifukuza jikoni kwake. Nisikilize upesi kabla sijabadilisha nia, maana baba kukiri kosa mbele ya bintiye si jambo jepesi.

Nilikuwa na umri kama wako, na nilikuwa na pikapu. Ilikuwa kuukuu, lakini ilinivimbisha kichwa. Kila siku ya kuchuma chai nilizungukia nyumba kumi na moja, nikapakia magunia ya majani mabichi na kuyafikisha kituoni, ambako karani huyakagua na kuyapima. Akina mama waliniamini. Siku hiyo nilisikia petroli imeanza kuadimika, nikapita mjini Keroka nikajaza mtungi mmoja wa akiba. Mbele nilikuwa nimemkalisha rafiki yangu, nilitaka aone ninavyoendesha, kwa hiyo mtungi nikautupia nyuma. Magunia nikayapanga juu yake. Wewe umekulia kwenye chai, unajua majani mabichi hunywa kila harufu iliyo karibu. Mimi pia nilijua. Nilijua, Kemunto! Lakini nilikuwa na haraka na majivuno, na kifuniko nilikifunga nusunusu.

Karani alifungua gunia la kwanza, akainama, akarudisha uso nyuma. La pili vilevile. La tatu vilevile. Yote yalinuka petroli, hakupima hata moja. Nilimbishia kwa sauti, nikaapa kwamba sisikii harufu yoyote, na kusema kweli sikuisikia. Nilikuwa nayo mikononi, kwenye nguo, kwenye kiti, mpaka pua yangu ikaacha kunionya. Mama yangu alikuwa ametangulia kituoni kwa miguu. Aliliangalia tu gunia lake, na majani yale aliyachuma akiwa na homa. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikataka kuyamwaga bondeni nikimbie. Aliyenizuia ni nyanya yangu, Magokoro Nyaboke, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali.

"Humwagi kitu," aliniambia. "Hilo gari liache hapa. Kila gunia litarudi kwa mwenyewe, mgongoni kwako. Na katika kila mlango utasema, ni mimi nimeharibu. Usiseme ni mtungi. Mtungi haukujipakia."

Nikabeba. Nyumba ya tatu walinicheka, ya sita hawakunifungulia, na ya mwisho ilikuwa yetu. Mama alinipa uji nikashindwa kuunywa. Tangu siku hiyo mtungi niliuweka mbele, nikajisifu kwamba nimepata funzo. Sasa naona nilichojifunza ni mahali pa kuweka mtungi, basi. Miaka yote hii nimeendelea kuchoma mafuta yaleyale, pikapu hii ni ya tatu, na kila bei ikipanda nalaani serikali kisha najipanga foleni.

Halafu juzi ukanijia kituoni, mbele ya akina mama wote, na ukasema kwa adabu: "Tata, baba yangu, tuachane na pikapu. Kuna tuktuk za stima siku hizi. Unachaji nyumbani, haina moshi, na hata majani hayatanuka."

Nami nikacheka. "Hiyo ni toy ya watoto," nikasema. "Ikifika kile kilima cha mtoni italia mama."

Wote wakacheka pamoja nami, na kabla hujafika nyumbani watatu walikuwa wamekupigia simu kwamba hawatakupa majani yao uyabebe. Uliingia chumbani ukafunga mlango. Ulikuwa umepanga kazi yako ya kubeba majani kwa tuktuk, na niliivunja kwa mzaha.

Jana nilikuona ukiijaribu ile tuktuk uliyoazima. Ulipakia magunia manane ukakikabili kilima kilekile. Ilipanda polepole, lakini ilipanda, na nyuma yake hakukuwa na moshi. Mimi nilisimama kando ya pikapu yangu ikinguruma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliisikia harufu yake. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikaona haya, mwanangu.

Sikudanganyi kwamba stima haina shida. Ikinyesha unajua inavyopotea, kwa hiyo chaji mapema, usingoje betri ikauke, na kabla hujanunua uliza nani ataitengeneza ikiharibika. Lakini stima yetu nyingi inatokana na maji na mvuke wa ardhini, humu humu nchini. Petroli inatoka mbali, tunaichomea hapa, na moshi wake tunawaachia watoto wenu. Mvua zenyewe hazijui tena zije lini. Kwa hiyo shika neno hili: ukigundua kwamba jambo ulilolizoea linawaumiza wengine, usilitafutie mahali pengine pa kuliweka. Liache. Na ukimharibia mtu kazi kwa mdomo wako, nenda ukaitengeneze kwa mdomo huohuo, nyumba kwa nyumba.

Pikapu watakuja kuichukua wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Wale mama watatu nitawaendea mwenyewe, nikianza na Mama Moraa. Nitawaambia, ni mimi nimeharibu. Sitasema ni mzaha.

Mungu akubariki, Kemunto. Akupe mvua kwa wakati wake na njia isiyoteleza, na mikono yako inukie majani ya chai mpaka uzeeke. Nilikuwa nimepanga kwenda kesho asubuhi. Lakini nipe fimbo yangu ya kutembelea hapo mlangoni, naenda sasa hivi.