Maksi za Baba Nekesa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua mlango wa duka la dawa za mifugo ninakofanya kazi, huwa natoa kifuniko cha ile kalamu nene ya kuandikia makatoni ili nibadilishe bei ya chumvi ya ng'ombe. Harufu yake hunipanda puani, kali, inayokaribia mafuta ya taa, na kwa dakika moja hivi siko dukani tena. Nina miaka kumi na mmoja, nimesimama juu ya kreti ya soda, na Baba ananiambia, "Andika saba, Mama. Na usiifanye ifanane na moja."

Nilipewa jina la mamake, Nekesa, ndiyo sababu aliniita Mama siku zote, hata aliponikaripia. Watu wengine wote walimwita Mzee au Baba Nekesa. Mama yangu mwenyewe alikuwa na duka la muvi hapa Eldoret, chumba kimoja chembamba karibu na steji ya matatu za kwenda Kapsoya, tulikoishi. Kama wewe umezaliwa juzi na kila kitu unakiona kwenye simu, nikueleze kidogo: mtu alikuja na flashi yake, akasema anataka muvi ya namna gani, Mama akamwekea, akaenda nayo nyumbani. Majina ya muvi hakuna aliyejisumbua nayo. Kila moja ilibatizwa upya pale kaunta. Tulikuwa na Mchina wa Ndoo, tulikuwa na Wale wa Treni, na Bibi Harusi Mkali sehemu ya kwanza mpaka ya nne, na mteja akisema tu "ile ya ndoo" Mama alishajua.

Lakini Mama hakuwahi kuangalia muvi hata moja mpaka mwisho. Alisema zinamletea usingizi. Aliyeziangalia ni Baba.

Zamani Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba mahindi kutoka Moiben. Kisha kisukari kikampata, buti likamchubua kidole, kidonda kikakataa kupona, na hospitali ya misheni kule Plateau ikabidi wamkate mguu wa kulia chini ya goti. Nakumbuka siku aliporudi. Alishuka kwenye gari na magongo mawili, na Mama akashuka nyuma yake amebeba mfuko wa karatasi wenye buti moja. Alilisukuma chini ya kitanda na hakuna aliyelitaja tena, ingawa mimi nilipofagia nililigusa kila siku kwa ufagio.

Mtu aliyezoea kuona barabara mbele yake tangu alfajiri hawezi kukaa tu akitazama ukuta. Mama alimletea tivii ndogo na deki ya kuchezeshea flashi, na Baba akaanza kuangalia muvi kama mtu aliyeandikwa kazi. Akimaliza alitoa maksi, juu ya kumi. Kumi yenyewe hakumpa mtu. "Kumi nimemwachia Mungu," alisema, na tisa aliitoa kwa shida sana. Maksi hizo ziliandikwa kwenye kipande kikubwa cha katoni kilichotundikwa dukani, jina la muvi upande mmoja, namba upande wa pili. Wateja waliziamini. Walikuja wakaangalia katoni kwanza ndipo wakamsalimia Mama.

Jumamosi mchana Baba alikuja dukani mwenyewe. Alipewa upande wa ukutani kwenye benchi, magongo yakaegemezwa kando yake, na wapenzi wa muvi wakakusanyika: makondakta, mafundi wa viatu, wauza mitumba, siku nyingine mama mmoja aliyeacha mtungi wake wa maziwa mlangoni. Kulikuwa na sheria mbili tu. Huruhusiwi kutoa maksi kama hukuona mwisho, na ukimpinga Mzee lazima ujieleze. Ukijieleza vizuri, namba yako iliandikwa kwa udogo kando ya yake.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Odhiambo, karani katika ghala la mahindi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, shati jeupe lililopigwa pasi hata Jumamosi. Odhiambo alibishana kana kwamba analipwa. "Mzee, hapo umetudanganya," alisema akinyoosha mikono ya shati. "Hiyo muvi ni nne. Huyo jamaa alipigwa risasi tatu na bado anakimbia?" Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akamjibu hoja kwa hoja. Sijawahi kumwona akiwa mzima kama alivyokuwa kwenye benchi ile. Nyumbani alikuwa mgonjwa. Pale alikuwa Mzee.

Sasa, macho. Hayakuzimika siku moja. Kwanza alianza kunitaka niketi karibu naye tunapoangalia, mimi nikitoka shule, yeye akiwa ameshatayarisha flashi. Kisha akaanza kuniuliza maswali. "Huyo amevaa nini, Mama?" "Kile ameshika ni nini?" Mimi nilidhani ananipima akili, na kwa vile nilipenda kushinda nilijibu haraka na kwa maelezo mengi. Nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Nilielewa siku alipoweka mkono juu ya birika la chai ya moto akitafuta rimoti. Hakupiga kelele. Alitumbukiza vidole kwenye kikombe cha maji na kusema, "Wale wa benchi wasijue."

Mama alijua, bila shaka, lakini kwetu mambo mazito hayakusemwa, yalizungukwa. Kwa hiyo mimi ndiye nikawa macho. Nilimweleza kila kitu: rangi ya gari, sura ya mtu anapodanganya, damu ilipo. Jumamosi aliketi kwenye benchi akabishana kwa maneno yaliyotoka kwangu, na hakuna aliyeshuku, kwa sababu Baba alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na mimi nilikuwa na mdomo. Nilijivunia sana siri ile. Jambo moja tu lilikuwa hatarini, nami nililijua vizuri: siku watakayogundua, hatakuwa tena Mzee wa benchi, atakuwa kipofu wa Kapsoya.

Ndipo ikaja Ndugu Wawili.

Ilikuwa muvi ya vita, ndefu, ya watoto wawili wa mama mmoja wanaochukuliwa jeshi. Mkubwa anarudi. Mdogo hatujui. Mwishoni kabisa hakuna anayesema neno. Mlango unalia, viatu vinasikika sakafuni, na mwanajeshi tusiyemfahamu anaingia amebeba mabuti ya yule mdogo. Yule mama anayapokea, anayapangusa kwa nguo yake, anayaweka mlangoni, pale wanaorudi wanapovulia viatu. Basi. Imeisha.

"Nani ameingia?" Baba aliuliza.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa na haraka, kwamba wenzangu walikuwa nje wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mimi nilitaka kutoka. Si kweli. Niliangalia yale mabuti kwenye tivii, na kisigino changu kilikuwa karibu na lile lililokuwa chini ya kitanda, na sikuweza.

"Ni yule mdogo," nikasema. "Amerudi."

Baba alivuta pumzi. Alisema ni mwisho mzuri ingawa ni mwepesi kidogo, akatoa nane.

Jumamosi iliyofuata Odhiambo alikuwa ameiangalia. "Nane ni sawa," alianza, "lakini mwisho ule uliniumiza, Mzee. Yule mtoto mdogo kufa namna ile."

"Kufa?" Baba alisema. "Wewe uliangalia muvi gani? Mtoto alirudi nyumbani."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake. Baba akashikilia. Odhiambo akashikilia. Mwishowe kondakta mmoja akasema dawa ni kuangalia, na Mama, aliyekuwa kaunta na hajui lolote kuhusu uongo wangu, akaiweka kwenye tivii ya dukani, dakika za mwisho. Nilikuwa juu ya kreti yangu kando ya katoni, kalamu mkononi. Ningeweza kuangusha kitu. Ningeweza kusema nimeshikwa na tumbo. Nilisimama tu nikinusa ile kalamu.

Mlango ukalia. Viatu vikasikika sakafuni.

"Si ndiye huyo," Baba alisema, akinyoosha kidole, kidogo kando ya tivii, kuelekea rafu. "Mnamwona? Si huyo anaingia."

Kwenye tivii mwanamke alikuwa akipangusa mabuti. Hakuna aliyecheka. Nilimwona Odhiambo akitazama kidole cha Baba, kisha rafu, kisha macho ya Baba yaliyokuwa yamefunguka kabisa na yanameremeta kwa furaha ya kushinda. Alikunja mikono yake ya shati na kuikunjua tena.

"Ni kweli, Mzee," alisema polepole. "Anarudi. Mimi nilikuwa nimesahau."

"Ni kweli," kondakta akasema.

"Anarudi," wengine wakaitikia, mmoja mmoja, kama kanisani.

Sijui ni lini hasa Baba alijua. Nadhani ni palepale, kwenye ule upole. Lakini alijaribu Jumamosi mbili zaidi. Aliipa tisa muvi moja mbaya sana ya nyoka, akasubiri. Wote wakasema Mzee amenena. Wiki iliyofuata Wale wa Treni, iliyokuwa na nane tangu zamani, akasema ishushwe mpaka mbili. Wakasema Mzee ameona mbali. Walimletea soda, walimshika kiwiko alipoinuka. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani akaniambia, "Mama, watu wakianza kukukubalia kila kitu, wameshakuzika." Hakurudi tena dukani.

Alikaa nyumbani wiki nyingi. Tivii ilifunikwa kitambaa. Mguu wa kushoto nao ulianza kuwa mweusi vidoleni. Alasiri moja, nikimkata kucha za mikono, aliniuliza bila hasira yoyote, "Ile ya ndugu wawili. Mwisho wake ulikuwaje?"

Nikamwambia. Mlango, mwanajeshi, mabuti, nguo ya yule mama, mahali alipoyaweka. Nilikuwa nalia, na machozi yalinivurugia maelezo, ikabidi nirudie. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, uso wake umeelekea dirishani.

"Hawakusema neno?"

"Hata moja."

"Basi hiyo si nane," alisema. "Ni tisa. Nenda ukabadilishe." Kisha, nikiwa nimeshafika mlangoni: "Na usikilize Odhiambo atasema nini."

Nilikwenda Jumamosi. Nilipanda kreti, nikakata nane, nikaandika tisa. Benchi lilikuwa na watu wawili watatu, mazungumzo yenyewe yamepoa siku hizo. Odhiambo aliitazama ile namba. Halafu aliniomba kalamu. Kando ya tisa ya Baba akaandika sita, ndogo, kwa mwandiko wake wa kiofisi.

"Mwambie Mzee nimekataa," alisema. "Mwambie ni sita, na ni sita kwa sababu muvi nzima imechoka mpaka dakika za mwisho. Mwambie aje hapa anijibu. Tutambeba, lakini aje anijibu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nami nilidhani ni ukali. Niliona mtu mkatili anayetaka kumsumbua kipofu, baada ya yote. Nilimnyang'anya kalamu na sikumuaga.

Baba alikuwa ameketi nilipofika. Alikuwa amevaa shati, na hakuwa amevaa shati kwa siku nyingi.

"Odhiambo alisema nini?"

Nilikuwa nimejifunza kwamba kusema uongo ni vibaya. Lakini nilikuwa nimejifunza pia, siku ile ya mabuti, jinsi mtu mzima anavyoweza kuvunjika mbele ya watu, na sikutaka kuliona tena.

"Alisema ni sawa, Baba. Alikubali."

"Alikubali tu? Hakusema kitu kingine?"

"Alisema Mzee amenena."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili tatu. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalala, akageukia ukuta. Alifariki kabla mwezi haujaisha. Shati lile ndilo tulilomzika nalo.

Ile katoni ninayo. Iko nyuma ya mlango wa stoo hapa kazini, imefifia, na kona moja imeliwa na panya. Mwenye duka huniuliza mbona siitupi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Odhiambo alimhurumia Baba siku ya kwanza na kumdhulumu siku ya mwisho. Nimekuwa mtu mzima nikaona ni kinyume chake, na kwamba upole wa wale watu na uongo wangu vilikuwa kitu kimoja. Tulimtoa Baba kwenye benchi, kila mmoja akidhani anamtendea wema. Giza hakuliogopa hata kidogo. Alikuwa amevaa shati, anasubiri kupingwa.

Sita ile bado inasomeka. Mtu aliitoa kwa ajili yake, kwa wino, na mimi ndiye niliyeachiwa ujumbe, nikaugeuza njiani.