Kifuniko cha Sanduku la Barafu

Kijana aliyekuwa akituongoza alinishikisha koleo, akanitazama kwa ile furaha ya mtu anayetoa zawadi, akaniuliza kama hii ndiyo mara yangu ya kwanza kugusa barafu.

"Hapana," nilimjibu. "Nimekulia nayo."

Alicheka kwa adabu. Nadhani alifikiri Kichina changu kimeteleza.

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa masomo huku kaskazini mwa Uchina, rafiki yangu, na chuo kilitupakia wanafunzi wageni kwenye basi ili tukaone tamasha la barafu na theluji. Sitakudanganya kwamba si zuri. Mto huganda mpaka magari yanapita juu yake. Watu huukata kwa misumeno, kisha hujenga majumba, ngazi, minara na farasi wenye mbavu zinazopitisha jua. Upande wa pili wa uwanja ni wa theluji peke yake, na huko kila mmoja wetu alipewa bonge lililoshindiliwa, refu la kunifika kifuani, pamoja na picha ya kufuata. Mimi nilipewa picha ya twiga. Sijawahi kumwona twiga kwa macho yangu. Barafu nimeila.

Nilipochoma koleo mara ya kwanza, pua ilikumbuka kabla yangu. Watu husema barafu haina harufu. Kwangu mimi ina harufu ya magunia yaliyolowa, pumba za mpunga na samaki. Basi nikasimama pale, vidole vikiniuma, nikawa Rumonge, kwetu Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kwetu barafu haikujengewa majumba. Ilikuwa na kazi. Ilikuja kwa lori kutoka Buja, yaani Bujumbura, vipande virefu kama benchi la shule, na nusu ya kila kipande ilibaki barabarani ikiwa maji. Aliyeipokea mtaani kwetu ni jirani aliyevuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, akiwa na begi moja na ufundi huo mmoja. Watoto tulimwita Papa wa Barafu, maana papa kwetu ni baba. Alikuwa na sanduku, yaani frigo kubwa iliyokwisha kufa, isiyo na mashine wala waya, imeegemea ukuta wetu. Chini alimwaga pumba, juu yake gunia, halafu barafu iliyovunjwa kwa nyundo, halafu mukeke, samaki wa ziwa letu, waliolazwa vichwa upande mmoja kama watoto wa familia moja kwenye mkeka. Barafu tena, samaki tena, kipande kizima cha barafu juu yao, gunia, pumba, kifuniko. Akishafunga alikuwa na sheria moja tu: "Haifunguliwi mpaka Buja."

Shida ni kwamba mpira wa kifuniko ulikuwa umekwisha na hakikukaa vizuri bila uzito. Uzito huo nilikuwa mimi. Nilikaa juu yake nikining'iniza miguu, na malipo yangu yalikuwa kipande cha barafu kama kidole gumba, ambacho nilikinyonya mpaka ulimi ukafa ganzi. Hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa. Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa na cheo.

Bibi yangu, ambaye tulimwita Koko kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa alikotoka, aliidharau barafu. Yeye alikuwa mtu wa ndagala, dagaa wa kukaushwa juani. Niliamka kila asubuhi kwa sauti ya ufagio wake akizigeuza juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, shwaa, shwaa, na kwa makelele yake akiwatukana kunguru. "Samaki ya barafu," alikuwa akisema, "iko kama mutu wa ku hopitali. Haikufa, haikupona." Papa wa Barafu alimjibu kwa kucheka, maana wote wawili walimwita mukeke kwa jina la ng'ambo, mikebuka, na hilo lilitosha kuwafanya ndugu.

Sasa nikueleze kosa langu.

Noeli, yaani Krismasi, ilikuwa imekaribia. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alichomeka tawi la mchikichi kwenye kopo la rangi, akatoa mfuko wa pamba ya dispanseri, akaanza kuibandika kwenye majani. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na sijapona.

"Mwalimu, pamba ni ya nini?"

"Ni theluji. Noeli iko na theluji."

"Imeandikwa wapi?"

"Weye na maulizo yako! Umesha kuiona theluji, weye?"

"Apana. Na weye, mwalimu?"

Darasa zima likafanya "Eeeh!" Mwalimu alishuka kwenye kiti alichokuwa amepanda. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. "Basi kesho utuletee ya kweli," alisema polepole. "Ukikosa, malaika atakuwa mwingine."

Malaika nilikuwa mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema katika mchezo wote wa Noeli, "Musiogope," na nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kuku wa mtaa mzima.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku Papa wa Barafu aliyoingojea tangu avuke. Mama mmoja mfanyabiashara wa Buja alikuwa amemwagiza mukeke wabichi wa sikukuu, sanduku zima. Wakifika vizuri, angemchukulia samaki mwaka mzima. Wasipofika vizuri, alimwambia Koko nikisikia, na hakuwa akitania, "Nitavuka. Nitarudia kule. Sitabakia apa kuwa muzigo ya watu." Alipakia asubuhi, akafunga, akanibeba akaniweka juu, akaniita mama kama wanavyoitwa wasichana wadogo kwao.

"Mama, ikala apa. Usishuke. Niko naenda kutafuta gari."

Nilikaa. Jua lilikuwa kali na ndani ya sanduku barafu ilikuwa ikijivunjavunja, ka, ka, kama mtu anayegonga atolewe. Nikapiga hesabu zangu. Sanduku limejaa. Nusu kipande nani atajua? Nilishuka, nikakiondoa kifuniko, nikafukua pumba, nikafunua gunia, nikachomoa barafu ya juu, ile nzima ambayo hakuivunja, iliyowalinda wote waliokuwa chini. Nikachukua kopo la Koko la kukwangulia mihogo, lile lililotobolewa kwa misumari, nikaanza kukwangua juu ya beseni.

Sikiliza sasa, maana hapa watu hunicheka. Ile ilikuwa theluji. Nyeupe, nyepesi, ikinikwama kwenye kope. Sasa nimeziona zote mbili na sibadilishi ushahidi wangu.

Nilikimbia na beseni kichwani, nikapita kinu cha mawese, nikavuka lami, nikapanda kwenda kanisani. Kifuniko sikukikumbuka. Nilipofika, ndani ya beseni kulikuwa na maji ya kijivu, pumba zikielea na gamba moja la samaki. Mwalimu alichovya kidole, akanusa.

"Iyi njo theluji? Iyi ni muchuzi!"

Walicheka mpaka watoto waliokuwa wachungaji wa mchezo wakaangusha fimbo zao. Lakini chini ya beseni kilikuwa kimebaki kibonge kama yai. Nikakitoa nikakiweka kwenye tawi la mchikichi, katikati ya pamba. Kikashika. Jua la dirishani likaingia ndani yake, tone likaanguka, na kwa muda wa tone moja hadi jingine hakuna aliyecheka. Halafu mwalimu akasema, "Ondoa uchafu," akaninyang'anya mabawa yangu ya malaika.

Niliporudi, gari lilikuwa limesimama barabarani likinguruma. Papa wa Barafu alikuwa ameinama juu ya sanduku. Kifuniko kilikuwa chini, jua likipiga moja kwa moja kwenye magunia. Hakupaza sauti.

"Nilikuambia nini, mama?"

Dereva akapiga honi mara mbili, akaondoka.

Koko alikuja akijifuta mikono. Alifunua shavu la samaki mmoja, akatazama wekundu wake, akambonyeza tumbo, akanusa. "Uyu hafike Buja," alisema. Kisha akamgeukia jirani. "Sasa utavuka?"

"Nitavuka."

"Utavuka na samaki iko inaoza, ama utanishikia kisu?"

"Koko, nilimuahidi mubichi!"

"Samaki mubichi iko na bwana, bwana yake ni saa. Samaki ya moshi haina bwana. Shika kisu."

Akashika. Wakawapasua mgongoni, wakawasugua chumvi, wakawalaza kwenye waya juu ya nusu pipa. Majirani wa kike walikuja bila kuitwa, kila mmoja na kisu chake na mabaki makavu ya chikichi kwenye kikapu, maana moshi wa mafuta ya chikichi ndio humpa samaki ile rangi nyekundu. Mimi nilingojea kofi. Kofi halikuja. Koko alinisimamisha mbele ya pipa, upande wa upepo mbaya, akanipa mti wa kugeuzia. "Macho ikilia, iache ilie," alisema. "Mukono usisimame."

Nililia, na mkono haukusimama, mpaka jua likaingia nyuma ya milima ya Kongo na samaki wote wakawa na rangi ya shaba ya zamani. Hakuna aliyeniuliza machozi yapi ni ya moshi.

Alfajiri Papa wa Barafu aliondoka na vikapu. Ilikuwa Noeli yenyewe, nasi tukaenda kanisani tukinuka moshi. Pamba ilikuwa kwenye mchikichi. Malaika mpya alisema "Musiogope" kwa sauti ya mtu anayeogopa sana. Ulipofika wakati wa ushuhuda Koko alisimama, akamshukuru Mungu kwa uzima, akamshukuru kwa chumvi, halafu akasema, "Mwalimu, wachungaji walikuwa wanalala inje na kondoo. Weye ungelala inje mu theluji?" Akaketi. Mwaka uliofuata tawi halikuwa na pamba.

Papa wa Barafu alirudi baada ya Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Yule mama wa Buja alikuwa amemfokea mbele ya soko zima, akachukua nusu kwa hasira, akamwambia asimwone tena. Ile nusu nyingine iliisha mikononi mwa wapita njia kabla hajapata kivuli cha kukaa. Hakuvuka. Akalisafisha sanduku, akaagiza barafu, akapanga samaki kama zamani, na juu ya kifuniko akaweka jiwe.

Jiwe lile nililitazama wiki baada ya wiki. Alinisalimu, aliniuliza habari za shule, aliniita mama kama kawaida, na jiwe likakaa pale pangu. Hakuna kiboko nilichowahi kupigwa kilichoniuma hivyo. Ilikuwa katikati ya masika, siku ya mvua nyembamba, aliposhusha jiwe, akaliegemeza ukutani, akaniangalia.

"Mama, ikala."

Nilipanda. Siku ile sikuomba kipande cha barafu.

Koko alikufa nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Miaka kadhaa baadaye ziwa lilipanda. Lilichukua kwanza mchanga wake wa ndagala, halafu njia, halafu ukuta wetu, na kwenye simu waliniambia kwamba lile sanduku lilionekana likielea, kifuniko wazi, likielekea Kongo kana kwamba lilijua kwao. Papa wa Barafu naye alivuka mwishowe. Samaki hawakuweza kumfukuza. Maji yaliweza.

Nikisimulia haya, wenzangu huku huinamisha vichwa na kusema pole, nchi yenu inaangamia. Huwa nawatajia tamasha lao. Mji huu wa barafu unayeyuka kila inapofika majira ya joto, ngazi, farasi na yote, na hakuna anayekaa matanga. Wanasema watakata tena. Kwa nini kupotea kwao kuitwe tamasha na kupotea kwetu kuitwe kilio? Nani aliandika? Imeandikwa wapi? Mchanga wa Koko uko chini ya maji, sikatai. Lakini nikipewa kisu, chumvi na samaki anayekaribia kuharibika, najua la kufanya, na nililijua pale pale mchangani. Maji hayakulichukua hilo.

Kwa hiyo picha ya twiga niliikunja nikaitia mfukoni. Nilichonga sanduku. Pande nne, zimenyooka, na kifuniko kilichokaa upande kidogo kama kile cha kwetu. Kijana wa kutuongoza alilizunguka kwa wasiwasi.

"Ni jeneza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Ndani kuna nini?"

"Mikebuka," nilisema, kisha nikapanda juu, nikakaa, nikaning'iniza miguu.

Aliniomba nishuke. Wakaguzi wa tamasha walikuwa wanakaribia, wangetaka kuiona kazi yangu vizuri, na kwenye orodha niliandikiwa twiga. Baridi ilikuwa imeshapenya koti na suruali, ikanishika hasa, baridi ninayoijua tangu nina miaka tisa.

"Hawatashindwa kuiona," nilimwambia. "Mimi ni sehemu yake. Bila mtu juu, kifuniko hakifungi."