Mbwa Aliyechukia Magoti

Enzi za Mwingereza, Lwakatare alikuwa karani wa mizani ya kahawa pale Kamachumu, na kama hukumjua ungedhani kahawa yenyewe aliileta yeye. Alivaa soksi ndefu hata siku za jua kali. Bwana shamba wake, Mzungu, alipomaliza muda na kurudi kwao, watu wa kazini waligawana vitu alivyoacha. Huyu kiti, yule sufuria, mwingine kitanda cha chuma. Lwakatare akaomba mbwa.

Mbwa wenyewe hakuwapenda. Alipenda aonekane anafuga mbwa wa Kizungu.

Mnyama huyo aliitwa Rova. Alikuwa mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, na kwa kuwa alilelewa kwa Kiingereza, Lwakatare akaona ni lazima amsemeshe Kiingereza. Alikuwa na neno moja tu aliloliamini, lile la kumwambia mbwa aketi. Sasa ulimi wa Mhaya haupendi neno liishe bila irabu. Asubuhi na jioni tukasikia: "Siti! Siti! Siti hapo!"

Na jirani yake, mke wa Burhani mwenye duka, aliitwa Siti.

"Abee!" Bi. Siti aliitika siku ya kwanza, akatoka na unga mikononi. Siku ya pili alitoka na mwiko. "Karani, mimi mwanamke wa Kiislamu ndiyo nichangie jina na mbwa?"

"Sikuiti wewe, Bi. Siti. Namwambia akae."

"Basi mwambie kwa Kihaya! Hapa si Ulaya."

Rova hakukaa kwa lugha yoyote. Aliuma.

Tena aliuma kwa kuchagua. Mlevi aliyesimama uani akamtukana Lwakatare na ukoo wake wote, hakuguswa. Vijana wa kusalimia wima, mikono mfukoni, walipita kama wenye mbwa. Lakini mtoto mwenye adabu, aliyepiga magoti kumwamkia karani, alirudi kwao na kaptula isiyo na nyuma. Klaudia wa kwaya naye alipiga magoti kama binti aliyelelewa, akatoka pale kwa mbio ambazo hazimo katika wimbo wowote wa kanisani. Kidogo kidogo watu wakaacha adabu ili wabaki na nyama zao.

"Mbwa wa Kizungu huyu," Lwakatare alieleza. "Hapendi watu wanaojipendekeza."

Siku moja mchana, Rova akiwa ameingia ndani kwa mara ya kwanza, mkewe, Kokushubila, akapiga magoti kumnawisha mikono kabla ya chakula, kama alivyofanya tangu aolewe. Rova akamrukia, akamng'ata paja. Bakuli likaenda huku, maji kule, damu katikati. Lwakatare hakumshika mbwa wala hakumshika mke. Alisema, "Umemshtua."

Kokushubila akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, akambeba mtoto wao Anatolia mgongoni, akarudi kwa baba yake, kule Ijuganyondo.

Karani akabaki na mbwa wake. Akajipikia ebitoke, zile ndizi za kupika, zikaungua chini zikabaki mbichi juu. Usiulize alifanyaje. Akamchapa Rova, na Rova akaongeza wenye fimbo kwenye hesabu ya adui zake. Akamfunga kwenye nguzo ya jiko, mbwa akaondoka na nguzo. Mwisho aliona nyumba haina sauti ya mtoto wala ya mke, akabeba kibuyu cha olubisi, pombe ya ndizi, akashuka Ijuganyondo kumwangukia mkwewe, mzee Ndyamukama.

"Mkwe," mzee alisema, hata kibuyu hajakipokea, "nilikupa mke. Sikukupa chakula cha mbwa."

"Nisamehe, tata."

"Muue huyo mnyama."

Lwakatare akatazama soksi zake. Kumuua Rova ilikuwa kama kuua nusu ya ukarani wake.

Kokushubila akatokea mlangoni. "Baba Anatolia, yule haumi watu. Anauma magoti. Wewe hujaona kwa sababu hujawahi kupiga."

"Magoti yamemkosea nini?"

"Watoto wamemtupia mawe tangu yuko kwa Mzungu wake. Kila aliyeinama mbele yake aliokota jiwe. Akiona goti linashuka, anaona jiwe linapanda."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpigie magoti wewe, na nyama mkononi. Mpaka ajue goti linaweza kuja bila jiwe. Hapo utaniita."

"Mimi? Nimpigie mbwa magoti?"

"Mimi si nilikupigia wewe?"

Ndyamukama, ambaye sasa alikuwa amekipokea kibuyu, alicheka mpaka olubisi ikamtokea puani.

Lwakatare akaanza kazi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, akidhani migomba haina macho. Alinunua mapafu ya ng'ombe. Siku ya kwanza alikunja goti kidogo tu, Rova akakoroma, karani akanyooka kama nguzo ya simu. Akajifunza kwenda taratibu: anainama kidogo, anarusha pande la pafu, anainuka. Kesho anashuka zaidi. Soksi zikaingia tope, akazivua. Goti lilipogusa ardhi mara ya kwanza, kulikuwa na watazamaji wengi kuliko siku ya mnada.

"Karani!" Bi. Siti aliita kutoka uani kwake. "Ombi lako limejibiwa?"

"Nyamaza, bojo, tafadhali, utamshtua!"

"Haya. Mwambie namsalimu."

Watu wakasema karani amepata Mzungu mpya. Yeye akaendelea, maana usiku kitanda kilikuwa kipana mno. Msimu wa kahawa ulipoisha, Rova akiona goti linashuka alikuwa anatikisa mkia na kudondosha mate.

Kokushubila akaitwa. Akaja na baba yake, na baba yake akaja na rungu.

"Tuone," alisema mzee.

Lwakatare akapiga magoti uani, mchana kweupe, mbele ya mkwe, mke na kila aliyejidai anapita tu. Rova akaja, akala mkononi mwake, akalala.

Kokushubila akamkabidhi baba yake mtoto. Akachukua pande la pafu, akakusanya kitenge, akashuka. Ndyamukama akainua rungu kwa mkono uliobaki. Rova akanusa kovu la paja, akanusa mkono, akachukua pafu lake polepole.

"Mke wangu," Lwakatare alisema, bado yuko chini, "basi umerudi?"

"Nimerudi. Lakini magoti haya nimempigia Rova, kwa sababu amejifunza. Wewe nitakutazama kwanza."

Akainuka, akakung'uta vumbi, akaingia ndani kuona sufuria zake zimefikia hali gani.