Mama na chuma kilichopauka

Jamani, leo nusura niivamie meza ya nyanya hapa Kimara!

Niko na baiskeli yangu ya mtumba, ile yenye breki za diski zinazotumia mafuta. Nabana breki mteremkoni, haishiki kabisa.

Nikaikokota hadi nyumbani. Nikadhani upepo umeingia kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Nikautoa upepo wote, nikaongeza mafuta. Najaribu uani, bado inateleza.

Nikainama kuitazama diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki.

Inang'aa. Tena inanukia nazi!

"Mama, nani kaigusa hii?"

"Mie. Nilikuwa naifuta vumbi, nikaona hicho chuma kimepauka, nikakipaka mafuta yangu ya nazi. Utatokaje mbele za watu na kitu kimepauka?"

Hasira zikaniisha palepale. Ndivyo alivyokuwa ananipaka mie mlangoni, kila nikienda shule.

Nimeisafisha diski kwa spiriti, nimeweka pedi mpya za breki. Sasa inashika.

Nikamwambia taratibu, "Mama, hiki kiache kipauke tu."

Akakubali. Halafu akayatazama magoti yangu, akafungua kopo.

Mie, baba wa watoto wawili, nimesimama mlangoni napakwa mafuta.

Msinicheke. Nilitulia mpaka akamaliza.