Seremala Aliyefukuzwa Nyumba Tatu

Mdogo wangu alipiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja. Ukiyaunga yale mashuka yote kwa mstari yanafika mwezini na kurudi, tena yanarudi bila mkunjo hata mmoja. Watu walimwita Mama Pasi. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikigeuza matofali na mabati, akajenga chumba kimoja uani, chenye mlango wake na dirisha lake, ili kodi yake imtunze uzeeni.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mwalimu mpole, akahamishwa kikazi. Chumba kikakaa wazi wiki tatu. Sijui nani alipeleka habari, lakini zilimfikia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Huyu shemeji ngoja nimweleze. Anakoroma. Sisemi kukoroma kama wewe na mimi. Mwaka wa msiba alikuja kukaa siku tatu, akijilaza mchana baada ya kula, mabati yanapanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Paka wa nyumba ile nilimwona kwa macho yangu haya akifunga mizigo. Na shemeji akiwa macho ndiyo balaa zaidi, maana anatoa ushauri. Alimfundisha mdogo wangu kupiga pasi! Zile siku tatu zilikwisha baada ya miezi mitano.

Sasa Jumanne akapiga simu. "Shemeji, nasikia chumba kipo. Jumamosi nakuja na godoro langu. Sisi ni ndugu, mambo ya kodi hatuwezi kuanza kuulizana."

Mdogo wangu akaiweka simu chini taratibu, kama yai.

"Dada, Jumamosi ikinikuta na chumba kitupu, nimekwisha."

"Si umwambie hapana?"

"Nimwambie hapana mdogo wa mume wangu? Ukoo mzima utanishukia. Hapana yangu ni mpangaji tu. Mtu mwenye kulipa, akae mle ndani, aonekane."

Jumatano wakaja wapangaji, mtu na mkewe. Mume alikuwa seremala, mrefu mwembamba kama ubao uliopigwa randa ukasahauliwa, penseli sikioni. Tulimpa kiti, badala ya kukaa akakipindua, akakigonga mguu, akasema, "Pole sana," akikiambia kiti, kisha akatoa nyundo mfukoni akakitengeneza. Mke alikuwa mfupi, na ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili.

"Mama, nisikufiche. Tumefukuzwa nyumba mbili. Hii ya tatu tunatoka Jumapili."

"Kwa sababu gani?"

"Kodi."

"Kodi imefanya nini?"

"Hatukulipa."

Nilikohoa chai yote ikanitokea puani. Mdogo wangu akawaambia atawajibu Ijumaa, na walipotoka nikamshika mkono. "Wewe, una akili timamu? Unatoka kwa mmoja asiyelipa unakwenda kwa wawili wasiolipa?"

"Huyu kasema kweli, dada. Kesho tunakwenda kuulizia."

Basi Alhamisi tukavaa viatu tukaanza na mwenye nyumba wa kwanza, kinyozi. Tulimkuta ana mteja kitini, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu ina povu.

"Seremala?" Kinyozi akarusha wembe juu, mteja akazama kitini. "Miezi mitatu namdai! Ukimdai anakuangalia kwa huruma kama wewe ndiye unayedaiwa!"

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la wateja, na mdogo wangu alikuwa analipapasa kwa kiganja, vile anavyopapasa shuka kutafuta mkunjo. Hakuukuta.

"Benchi zuri. Fundi nani?"

"Si yeye huyo huyo! Na kabati lile la vioo ni lake."

"Ulimlipa?"

Kinyozi ghafla akawa mtu wa kazi. Alianza kunyoa kwa makini, unywele mmoja mmoja. "Ah, mama, hayo tutamalizana tu."

"Kinyozi," mteja akasema kutoka ndani ya povu, "jibu swali la mama."

Kwa mwenye nyumba wa pili, bibi muuza mayai, hadithi ilikuwa hiyo hiyo, ila yeye alitusimulia ubaya wa seremala akiwa amejinyoosha juu ya kochi jipya la seremala, na lilipolia kidogo akaongeza kosa hilo kwenye orodha. Kochi lenyewe hakuwa amelipia hata msumari. Wa tatu, yule wanayeishi kwake sasa, alimsifu mpaka nikaogopa. "Malaika! Mchukueni leo! Mizigo nitawabebea mimi mwenyewe!" Na kweli alikuwa ameshavaa nguo za kubebea.

Njiani mdogo wangu akasema, "Mtu huyu hana ubaya. Hana mdomo tu."

"Asiye na mdomo atakulipa kwa nini, kwa masikio? Achana naye."

"Na Jumamosi je?"

Nilishaanza kuyasikia mabati yakipanda.

Ijumaa asubuhi akawaita. Akamuuliza seremala kwa nini hadai pesa yake. Mke akadakia, "Huwa anakwenda, mama. Nikimtuma kudai, anarudi na oda nyingine."

"Watu wana shida zao," seremala akasema kwa sauti ndogo.

"Na wewe huna?"

Akafikiri. "Ninazo."

"Anayekudai... hapana, unayemdai pesa nyingi kuliko wote ni nani?"

Alikuwa bwana harusi mmoja, mtaa wa pili. Kitanda cha futi sita kwa sita, chenye maua yaliyochongwa kichwani. Harusi ilikuwa na miezi miwili, kitanda hakijalipiwa. Mdogo wangu akachukua mkoba, akaniambia nivae viatu tena.

Tulipokelewa vizuri na bibi harusi. "Karibuni, mama zangu. Mmekuja kumsalimia nani?"

"Kitanda," mdogo wangu akasema.

Akaingia chumbani, akavua viatu, akakipanda kitanda akakaa katikati. Bwana harusi akaja mbio na shati lake la kazini. Mdogo wangu akalitazama shuka, akatikisa kichwa. "Mwanangu, aliyepiga pasi hii alikuwa amefumba macho? Leta pasi."

Ndugu zangu, siongezi chumvi. Alipiga pasi mashuka. Akapiga foronya. Akapiga mapazia yakiwa dirishani. Akamvua bwana harusi shati la mwilini, akalipiga pasi. Na muda wote huo dirisha liko wazi, naye anasimulia kwa sauti ya wodini historia ya kitanda kile: mbao zilitoka wapi, maua yalichongwa kwa siku ngapi, na kwamba fundi wake Jumapili hana pa kulala. Majirani walijaa nje. Mmoja alileta kiti. Mwingine alileta shati lake.

"Mama, naomba shati langu," bwana harusi akasema, yuko na fulana ya ndani. "Nachelewa kazini."

"Shati ni lako, nitakupa. Na kitanda ni cha nani?"

Bibi harusi akamgeukia mumewe. "Hukulipa? Mimi nalala juu ya deni?"

Alilipa. Alilipa yote, na nusura alipie na mapazia.

Tuliporudi nyumbani, mpango ukafungwa pale uani. Seremala atapewa chumba, mdogo wangu ndiye atakayekwenda kwa wadaiwa wake, nyumba moja kila mwezi. Kodi inatoka kwanza, kinachobaki ni cha mwenyewe. Siku hiyo hiyo kodi ya miezi miwili ikakatwa, na kabla jua halijazama mizigo yao ilikuwa imeingia. Yule mwenye nyumba wa tatu ndiye aliyebeba kabati, peke yake, anapiga mluzi.

Jumamosi saa nne shemeji akafika, godoro kichwani. Seremala kwa adabu zake akatoka chumbani akamsaidia kulitua.

"Karibu shemeji," mdogo wangu akasema. "Chai ipo. Chumba kina mtu."

"Mtu gani? Mtoe!"

"Kalipa miezi miwili."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Kwako si kupo?"

Shemeji akaanza kulikung'uta godoro vumbi ambalo halikuwepo. "Kwangu nimepangisha."

"Lini?"

"Jumatano."

"Kalipa?"

"Kasema mwisho wa mwezi. Ni mtu mzuri, shemeji. Anavaa tai."

Alikunywa vikombe vitatu, akampa seremala ushauri kuhusu namna ya kushika nyundo, akajitwika godoro akarudi alikotoka. Siku hizi anakaa nyumbani kwake mwenyewe, sebuleni, karibu na viatu. Anaosha vyombo, maana mwenye tai hapendi uchafu. Ila nasikia bado hawaelewani, na mpangaji amempa notisi ya mwezi mmoja ahame.