Meza ya Mtu Mmoja

Wifi yangu Veneranda ni mfupi, ana sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya bonde, na hajui kunyamaza hata kanisani. Padri akisoma matangazo, yeye ameshamweleza jirani yake yatakayofuata. Nampenda hivyo hivyo. Ndiyo maana siku aliyokuja kwangu, akaketi kwenye kigoda cha jikoni na asiseme neno, niliacha kuchambua maharage nikamtazama vizuri.

Lakini nianze na kazi yake. Veneranda ni mpishi. Alifundishwa na masista enzi za usichana wake, nao walimfundisha kwamba mgeni wa heshima huandaliwa meza yake, kitambaa cheupe, sahani imefunikwa, na mpishi hurudi jikoni akale yake huko. Sheria hiyo ameishika kuliko wengine wanavyozishika amri za Mungu. Basi alipopata kazi kwa Mkorea mmoja, mhandisi wa maji aliyepanga nyumba jirani na kwangu hapa Mbinga, akamwandalia mkewe vivyo hivyo. Mhandisi mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Wiki nzima yuko huko chini kando ya ziwa, leo Mbamba Bay, kesho Chiwanda, anafuatilia mabomba yake. Mkewe alibaki na meza.

Tulimwita Mama Mina. Ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe, kwa jina la binti yake anayesoma Korea, akatueleza kuwa kwao pia mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto. Veneranda alifurahi kama aliyepata ndugu. Alipoona anavyotoa kitu kwa mikono miwili, na anavyoinamisha kichwa akisalimia wakubwa, alikuja kuniambia, "Wifi, huyu mtoto wa watu amelelewa." Kiswahili Mama Mina alikuwa amekitoa kitabuni, kimenyooka kama hotuba. "Nashukuru, nimeshiba," alikuwa anasema, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Hapo vita ikaanza, maana Veneranda alidhani ni upishi wake unaokataliwa. Aliagiza samaki mbasa kutoka ziwani, akamkaanga, akamchemsha, akaweka nyanya, akatoa nyanya. Alipika wali, akapika ugali laini wa mgonjwa. Nashukuru, nimeshiba. Jioni alipita kwangu na mabaki, tunakula huku analalamika kwamba mtu hawezi kushiba kwa harufu. Mimi msimu ule nilinenepa, niseme ukweli.

Majirani nasi tulimheshimu kwa kumwacha. Watoto walikatazwa kupiga kelele karibu na uzio wake, na hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu mgeni mkubwa hasumbuliwi. Tulijiona watu wenye adabu sana.

Kisha Mama Mina akaanza kugawa vitu. Kwanza sweta la sufu, mwezi wa sita, baridi yetu ikiwa imekaza. Veneranda alilivaa kwenda misa na kuhakikisha kila mtu ameliona. Baadaye kisu kizuri cha jikoni. Siku ile ya kigoda alikuja amekumbatia mitungi ya udongo ambayo Mama Mina aliisafirisha kutoka kwao, ya kuchachushia kabichi lao la pilipili, wanaloliita kimchi.

"Amesema hataihitaji tena," Veneranda alisema hatimaye. "Nikamuuliza, Mama, kwani mnahama? Akatabasamu tu. Nimempigia mhandisi, yuko Chiwanda. Anasema hawahami. Anasema mkewe hajambo, kila siku anamwambia hajambo."

Nikamwambia labda ni ukarimu tu.

"Wifi," akasema, "unaukumbuka mkasi wa Pankras?"

Pankras alikuwa mume wangu, na ndugu yake Veneranda wa tumbo moja. Mwaka wake wa mwisho aliacha kula na wenzake, akawa kila akiitwa anasema ameshiba. Kisha akampa jirani yetu Ladislaus mkasi wake wa kupogolea kahawa, mkasi ambao hakuwahi kumwazima hata mdogo wake, na sote tukausifu moyo wake mwema. Haukupita muda tukamzika. Msibani ukoo ulisema ni homa, na homa ikabaki. Watu walianza kushusha sauti wanapomtaja, halafu wakaacha kumtaja.

Nilifunika maharage, tukaenda kwa Mama Mina.

Veneranda hakugusa kitambaa cheupe. Alitandika mkeka uani, akaweka sinia moja, ugali na usipa, dagaa wa ziwa letu, na majani ya maboga, akaingia chumbani akamtoa Mama Mina kwa kumshika mkono. Nadhani masista wake walitikisa vichwa huko waliko.

"Leo hatuli mezani," akamwambia. "Kaa hapa."

Mama Mina alitazama sinia, akatutazama sisi. "Pamoja?"

"Pamoja. Sisi Wamatengo zamani tulikuwa na sengu. Ukoo mzima unakula mahali pamoja, kila jiko linaleta chungu chake. Asiyeonekana anafuatwa kwake, aulizwe ana nini. Wewe nimekuwekea meza ya peke yako kama askofu, kumbe nimekufungia nje."

Mama Mina akasema taratibu, "Nilidhani hamtaki kula na mimi. Nilidhani kabichi langu linawanukia vibaya."

"Linanuka," Veneranda akasema. "Na pombe yetu inanuka, na tunainywa."

Nilicheka peke yangu. Kabla sijamaliza, Veneranda alikuwa amekwisha kumuuliza Mama Mina kwa nini anagawa vitu vyake, naye amekwisha kutabasamu na kujibu kwamba yeye hajambo. Wifi yangu akarudisha tonge kwenye sinia.

"Kaka yangu alikuwa anasema hajambo," akasema. "Mume wa huyu hapa. Tuliwaambia watu alikufa kwa homa. Hakuwa na homa. Alijiua."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno lile likitamkwa. Hata mimi sikuwahi kulitamka nikiwa peke yangu shambani. Nilimkasirikia Veneranda, nilitaka kuinuka niende zangu, lakini nikabaki nimekaa.

"Na wewe nakuuliza, Mama Mina," akaendelea, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekuwa ndogo kabisa. "Unataka kufa?"

Mama Mina alilia kwanza. Kisha akasema ndiyo, siku nyingine. Alisema usingizi haumjii. Mumewe ana kazi ngumu, hakutaka kumwongezea mzigo. Binti yake yuko kwenye mitihani, na kwao mtihani ni maisha. Wakorea wenzake wa kanisani wako Dar es Salaam, wanasali naye kwa simu, lakini akiwaambia wao, kesho habari imemfikia mama mkwe wake. "Ugonjwa huu kwetu unachafua jina la nyumba," akasema. "Watu wanauficha."

"Hata kwetu," nikasema. Sikujua kama ningesema.

Veneranda hakujifanya mganga. Alimwambia yeye ni mpishi, atampeleka kwa wanaojua. Alimpigia simu mhandisi, na maneno aliyompa sitayaandika, ila mwenyewe alifika kabla jua halijazama, viatu vimejaa mchanga wa ziwani, na sisi tulikuwa bado tumekaa na mkewe pale pale mkekani. Asubuhi walikwenda Songea kwa daktari, Veneranda yuko kiti cha nyuma na sweta lake. Sasa Mama Mina anatumia dawa, na asikudanganye mtu kwamba sinia la ugali linatibu, maana siku mbaya bado anazo. Tofauti ni kwamba ikiwa mbaya anasema ni mbaya. Mina naye ameambiwa. Alilia kwenye simu, akamuuliza mama yake kwa nini alimficha.

Mitungi Veneranda aliirudisha siku ile ile ya mkeka. "Sichukui urithi wa mtu aliye hai," alisema. Sweta halikurudi; eti hilo lilikuwa zawadi.

Jumapili iliyopita tulitengeneza kabichi lake la pilipili jikoni kwangu, sisi na majirani. Kwao pia kazi hiyo hufanywa na wanawake wengi kwa pamoja. Mama Mina alikosa samaki wa chumvi ambao kwao hutiwa humo, akasaga usipa mkavu badala yake. Scholastica wa nyumba ya pili alipiga chafya mpaka akatoka nje. Veneranda alitoa maelekezo kwa kila mtu, ingawa hajui chochote. Mikono yetu ikiwa myekundu hadi viwiko, Mama Mina akanigeukia na Kiswahili chake cha kitabuni.

"Marehemu mume wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu ile homa, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilimtazama Veneranda, naye alikuwa amefunga mdomo, ananisubiri.

"Alikuwa anaimba vibaya sana," nikasema. "Akipogoa kahawa anaimba, na ndege wanahama shamba."

Veneranda alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye pilipili, ikabidi tumwoshe macho huku analia na kucheka. Nami nikaendelea kuwasimulia habari za Pankras, mpaka kabichi likaisha.